Mkojo wa Watu Saba Katika Chupa Moja

Leo nimeletewa mkojo wa watu saba katika chupa moja, na hadi sasa hasira haijanitoka.

Wote saba ni wachumaji wa shamba letu la chai hapa Mogogosiek, na wote wana presha. Niliagiza kila mmoja alete mkojo wake, kwa maana presha huharibu figo kimyakimya, na figo iliyoharibika huvujisha protini. Mkojo wenye protini ukichemshwa juu ya taa ya spiriti hugeuka mweupe.

Nyapara Kiprono akaleta chupa moja.

"Nimekuchanganyia, Daktari. Hata majani si tunachanganya?"

Nikauchemsha. Ukawa mweupe.

Sasa figo za nani? Nilimfokea Kiprono bila kuchagua maneno.

Ndipo akaingia Mama Moraa, mmoja wa wale saba, ambaye kila asubuhi huamka uso umevimba.

"Wacha mzee wa watu, Daktari. Ni sisi tulimwambia achanganye. Yule mchumaji ulimpata na figo mbaya mwezi jana, ofisi ilimtoa kwa nyumba ya shamba jioni hiyohiyo, na watoto. Sasa watufukuze sisi wote saba, tuone nani atawachumia chai!"

Hasira yangu ilihama pale pale, ikaelekea ofisini.

Kesho Mama Moraa ataleta chupa yake peke yake, na jibu litabaki kati yetu wawili.

Karani wa ofisi naye alikuja alasiri kudai majibu. Nilimkabidhi ile chupa, ingali na vuguvugu la jua la dirishani.

Semeni, marafiki: mlitaka nimpe nini kingine?