Neno Nililoazima kwa Mwalimu wa Kilatini

Bado naona haya kulitamka neno la Kiingereza "complementary". Nililifundisha Kisangani, miaka ya vita, kwa madaha ya mtu aliyelizaa mwenyewe.

Mishahara ya serikali ilikuwa haifiki tena, na walimu tuliishi kwa michango ya wazazi. Wazazi nao wakaishiwa. Prefe, mkuu wa shule yetu, akatangaza kwamba juma lile mwalimu mmoja ataondolewa. Mimi nilifundisha Kiingereza. Mwenzangu wa Kilatini, aliyewahi kusoma seminari, alinizidi umri sana na nilimwita papa, yaani baba.

Mwanafunzi mmoja akaniuliza neno lile limetoka wapi. Maana niliijua: ni vitu viwili ambavyo kila kimoja hukamilisha mwenzake. Asili sikuijua hata chembe. Mchana nikaenda kwa papa, nikamkuta anakula.

"Baba yake iko Latini," alicheka. "Complere, kujaza mpaka juu. Complementum, kile chenye kujaza. Bon, angalia sahani yangu. Lituma iko, lakini nafasi ya samaki inabaki wazi. Leta samaki, njo sahani inajaa."

Akanimegea nusu ya lituma yake, ndizi zilizopondwa, tukala wote.

Kesho yake prefe aliingia darasani kwangu, akaketi nyuma. Nikamwaga yote: kitenzi cha Kilatini, sahani, samaki, hata kicheko cha papa nilikiiga. Wanafunzi wakapiga makofi.

"Mwalimu, hii yote ulijifunza wapi?" prefe aliuliza.

"Nilijisomea mwenyewe," nikajibu, uso mkavu. Niliogopa kupoteza kazi, ndiyo, lakini pia nilipenda kusifiwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Alors, kama weye iko najua Latini hivi, tubakie na walimu wawili juu ya nini?"

Palepale ningeweza kusema ukweli. Nilifuta ubao.

Jumamosi papa alikuja kwangu na madaftari yake yote ya Kilatini, yamefungwa kwa kamba. Nilidhani amekuja kunitukana, na ningeona nafuu.

"Prefe amenieleza namna ulifundisha muzuri," alisema, bila hasira. "Hii madaftari itakusaidia. Batoto basipoteze mwaka."

Nikayapokea kwa mikono miwili, nikasema aksanti papa, na sikumkaribisha hata kuketi.