Bahari Iliyotufuata Tulikolala

Pikipiki yetu ilitoka Soweto, Mbeya, imetubeba mimi na mume wangu, hema na sufuria moja. Tulilala hemani Makambako kwenye baridi ya kutetemesha meno, tukalala tena nje kidogo ya Iringa, na mlima Kitonga tuliuteremka katikati ya malori huku nimefumba macho nikisali. Pikipiki haikupata hata mkwaruzo.

Tulifika baharini mchana. Maji yalikuwa mbali kule, na mchanga ulikuwa mgumu kama sakafu. Mume wangu akaegesha pikipiki karibu na maji, kama tunavyofanya siku zote Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Hema tulilisimamisha juu zaidi, kwenye kivuli, tukala, usingizi ukatupitia.

Nilipoamka, bahari ilikuwa imekuja. Pikipiki ilisimama ndani ya maji mpaka kwenye kiti. Nilipiga ukelele nikidhani dunia imefika mwisho. Mume wangu alishika kichwa.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya samaki akasimama. "Poleni, wanangu. Maji yamejaa tu. Kwani kwenu hayajai?"

Nikamfokea kana kwamba bahari ni yake. "Kwetu maji ukiyaacha hapa mchana, jioni unayakuta hapahapa!"

"Basi hayo ni ya kwenye ndoo," akasema, akapandisha kanga yake, akaingia majini kutusaidia kusukuma.