Mtihani Nilioandikia Nje ya Dirisha

Jina langu lilikatwa kwa rula. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi: mtu alikaa, akatafuta rula, akapiga mstari ulionyooka. Orodha ya watahiniwa ilikuwa na majina mawili tu, langu na la mwenzangu kutoka Musumba, mwenyeji wa mkoa ule. Sote wawili tulikuwa madaktari wa meno, mwaka wa pili wa kusomea kunyoosha meno katika hospitali moja ya migodi pale Kolwezi. Aliyefaulu mtihani wa maandishi angepanda mwaka wa tatu.

Nilizaliwa mtaa wa Kapata, hapo hapo Kolwezi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, kama baba yangu. Aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba ni babu. Mwaka ule hilo lilitosha tufukuzwe kama wageni. Watu tuliokua nao wakatuita bilulu, wadudu. Familia moja baada ya nyingine ilihamia kituo cha treni na magodoro yake, kungoja kupelekwa Kasai, ambako wengi wetu hatukuwa tumekanyaga. Wazazi wangu walikuwa tayari pale kituoni.

Nilimwendea mkuu wa idara, mzee aliyenifundisha kukunja waya, nimuulize aliyeliondoa jina langu.

“Tata dokta, nani alitosha jina yangu mu liste?”

Hakuniangalia. “Mi njo niliitosha. Balinituma.”

“Banani?”

“Mama, usiniulize. Enda ku gare, angalia bazazi bako.”

“Nitaandika mtihani.”

“Hauna kiti.”

“Nitasimama.”



Wiki ile kazi yangu ilikuwa kutoa vyuma vya kunyooshea meno midomoni mwa watoto wa watu wanaofukuzwa. Nilichukua koleo zangu nikaenda nazo kituoni. Mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka kumi na miwili, akamkalisha juu ya sanduku.

“Kule tutapata wapi muganga wa kutengeneza hii?” akaniuliza.

Waya ukikatika na hakuna wa kuugusa, unachana shavu. Nikaanza kutoa. Binti akalia, nikamuuliza kama namuumiza.

“Hapana,” akasema. “Yalianza kunyooka.”

Asubuhi ya mtihani nilivaa koti jeupe nililolipiga pasi ya makaa, nikaenda hospitali. Mashine ya kunakili haikuwa na wino kwa miezi, kama vile famasi ilivyokuwa haina pamba, kwa hiyo mkuu angeusoma mtihani kwa sauti. Hilo nililijua. Nikasimama nje, chini ya dirisha la chumba cha idara, daftari nimeliegemeza ukutani.

Mkuu aliniona. Akaja, akafunga dirisha.

Nikasikia kiti kikiburutwa. Mwenzangu alikuwa amesimama, akalifungua tena.

“Kuna joto, dokta,” alisema.

Hakukuwa na joto. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, ambacho kwetu huja na baridi ya kuuma, na mimi nilikuwa na sweta ndani ya koti. Wala hatukuwa marafiki, yule bwana na mimi. Kwa miaka miwili alikuwa akinificha vitabu vya maktaba.

Mkuu alisoma swali la kwanza kwa sauti ya chini.

“Dokta, rudilia,” mwenzangu akasema. “Sema na nguvu. Sikusikia muzuri.”

Kisha mkuu akarudia, kwa sauti kubwa, polepole, kama anayewasomea watoto wa shule imla. Akaendelea hivyo hadi swali la mwisho.

Swali la tatu lilikuwa hili: msichana yuko katikati ya matibabu, amebakiza miezi minane; eleza mpango wako. Niliandika mpango wa vitabuni, hatua kwa hatua. Chini yake nikaongeza kwamba kama familia yake inafukuzwa, vyuma vitolewe leo hii, na mama aelezwe ukweli kwamba meno yatarudi yalikokuwa. Nilibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Muda ulipokwisha nilipitisha karatasi zangu dirishani.

“Siwezi kuzikamata,” mkuu alisema.

“Basi zisahihishe bila kukamata.”

Nikaziacha kwenye kizingiti cha dirisha, nikaondoka bila kugeuka.

Siku ya nne mwenzangu alikuja kituoni, nilikokuwa sasa na wazazi wangu, akitutafuta kati ya magodoro. Alinipa karatasi zangu. Kumi na nne juu ya ishirini, kwa wino mwekundu. Yeye alikuwa amepata kumi na tatu, na ndiye aliyepandishwa. Kando ya aya yangu ya mwisho mkuu alikuwa ameandika: nje ya swali.

“Umuambie,” nikamwambia, “ile njo ilikuwa swali.”

“Nilishamuambia,” akajibu. Akakaa nasi kidogo, akambebea mama yangu maji, akaenda zake.

Treni ilituchukua baada ya wiki mbili. Huko Kasai sikupata hospitali yenye hata kiti cha meno, nikafundisha biolojia katika sekondari. Hatimaye nilifika Kinshasa, kitivo cha meno kikaniomba ushahidi wa masomo yangu. Nikawatolea zile karatasi. Walisema hazina mhuri, wakanirudisha mwaka wa kwanza wa kunyoosha meno. Nikakaa kwenye benchi moja na vijana niliowazidi miaka sita, na kila mwalimu alipouliza nani ana swali, nilinyoosha mkono.