Farasi Aliyepakwa Hina

Mwezi uliopita nilikuwa Acocks Green, huku kwa Waingereza, nimesimama kituoni nangoja basi na mifuko yangu ya sokoni, akapita farasi mweupe amembeba bwana harusi wa Kihindi. Mashada shingoni, vitambaa vya kumetameta mgongoni, ngoma mbele, na watu wote wametoa simu wanapiga picha. Mimi niliangalia chini. Usinicheke, rafiki yangu. Farasi mweupe aliyepambwa hunitia haya mpaka leo, na nikikusimulia utanielewa.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikaa Castle Vale, mtaa wa mji huuhuu, mimi, mama na bibi mzaa mama. Bibi aliletwa kutoka Unguja akiwa keshakuwa mtu mzima, na hapa akawa hajui kitu. Mashine ya kufulia haijui, mabasi hayajui, jiko la umeme linamtisha. Mtu aliyekuwa akiendesha nyumba nzima, sasa anaambiwa, "Mama, usiguse hicho." Kutwa alikaa jikoni akichagua mchele wa dukani ambao haukuwa na hata chuya moja, chai ya tangawizi ikichemka, na mama akimkumbusha asichome papa mkavu, harufu itafika kwa majirani.

Kitu kimoja tu alikijua kuliko sote, nacho ni punda. Si hawa unaowafikiria wewe. Baba yake alifuga punda wa Maskati, weupe pe, wa ukoo ulioletwa na Waarabu kwa vyombo vya baharini zamani hizo. Warefu, alisema bibi, masikio yamesimama, ngozi laini, na mzigo hawabebi abadani. Hao ni wa kupandwa na watu wenye heshima zao. Mwendo wao ukiitwa telki, hatua za haraka zisizomtikisa mpandaji, na baba yake, eti, aliweza kunywa kahawa juu ya tandiko asidondoshe hata tone. Siku ya sikukuu punda hupakwa hina, miguu na mkia, akatoka barabarani amependeza kama bi harusi. Kisha zikaja motokaa. Wenye punda wakanunua motokaa, na wale wachache waliobaki wakachanganywa na punda wa kubeba mawe mpaka mbegu ikapotea. Bibi aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetaja maiti wa nyumbani kwao.

Nyuma ya mtaa wetu palikuwa na kiwanja cha nyasi, na jirani yetu, mama wa Kiingereza mwenye kucheka sana, alimfuga humo farasi mdogo mweupe wa binti yake. Bibi alipomwona mara ya kwanza alisimama akashika mdomo. Tangu hapo ikawa kila jioni kumpelekea karoti, kumsemesha kwa Kiswahili, kumkwangua matope kwenye kwato. Jirani aliona kuwa huu ni mkono unaojua. Farasi akichechemea, alikuja kumwita bibi kwa ishara, na bibi alirudi nyumbani kifua mbele.

"Leo nimehitajiwa," alikuwa akimwambia mama. "Wapo wanaonijua mimi hapa."

Basi jirani akafiwa huko kwao, akaja kumwomba bibi amwangalie farasi mpaka Ijumaa. Jumamosi binti yake angempanda kwenye mashindano, yale ambayo farasi hutazamwa usafi na uzuri wake. Mama akafasiri: amlishe, ampe maji, amweke safi, maana anakwenda kuonyeshwa watu. Bibi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alimwosha, akamchana singa, kisha akatoa hina aliyojiwekea ya Idi, akaikoroga kwa chai na ndimu, akampaka miguu yote mpaka magotini, na mkia wote. Mimi nilishika ndoo. Farasi alitulia tuli, na bibi akimwimbia kwa sauti ya chini.

Jirani aliporudi hakupiga kelele. Alikuja mlangoni uso umemwiva, binti yake nyuma analia kwa kwikwi.

"It won't come off," alisema. "She's got to be white tomorrow. White." Rangi haitoki, na kesho farasi lazima awe mweupe.

Mama alivaa viatu mbio, tukaenda na sabuni na mabrashi. Kadiri tulivyosugua ndivyo rangi ilivyokolea. Watoto wa mtaa walikuwa wamepanda ukutani wanacheka, na baadhi yao nilisoma nao darasa moja. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Bibi akasimama katikati yetu, kanga kichwani, akaanza kusema. Alisema taratibu, kwa adabu, akimtazama jirani usoni. Alieleza habari za baba yake na za punda wale. Alisema kumtoa mnyama mweupe mbele za watu bila hina ni sawa na kumtoa uchi. Alisema amempa binti huyu heshima ileile aliyopewa yeye siku ya harusi yake, alipopandishwa punda wa mwisho wa nyumba yao. Alisema na mengine mengi. Alipomaliza, mama, macho chini kwa aibu, akamgeukia jirani.

"She says she's sorry."

Bibi hakujua Kiingereza, lakini sori nani asiyeijua?

"Mwanangu," alisema, "maneno yangu yote yale, kwao ni sori tu?"

"Mama, please. Twende nyumbani."

"Mimi sikuomba radhi. Nilikuwa namweleza."

Binti yule hakwenda mashindanoni. Jirani hakutuwekea kinyongo. Hina ilipofifia alikuja mwenyewe kumwita bibi, na akaja tena. Bibi hakutoka. "Mwambie nimechoka," alisema, na hilo mama alilifasiri neno kwa neno.

Punda wa Maskati hawapo tena. Kiwanja kimejengwa nyumba, na bibi tumeshamzika. Mwanangu nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, na akiniuliza habari za bibi nina vipandevipande tu, maana siku ile nilikuwa mtoto na mengi yalinipita. Juzi mama alikuja kwangu, naye sasa ni mzee. Nikamwuliza yule punda wa harusi aliitwa nani, na nani aliyeshika hatamu, na bibi alisema nini kingine pale kiwanjani.



"Sikumsikiliza," mama alisema. "Nilikuwa nawatazama wale watoto ukutani."