Mfalme wa Poland Kwenye Paji la Mwimbaji

Jamani, mkasa huu nausimulia nikiwa nimejifunika uso kwa kanga, maana aibu niliyoipata Matonge, mtaa wetu Waafrika huku Ulaya, mpaka leo haijaniisha.

Jirani yangu hapa Evere ni mzee wa Kipolandi, Mzee Tadek, mkusanyaji wa sarafu. Nilimwalika sherehe ya ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu Maman Furaha, naye akaja moja kwa moja kutoka kwenye maonyesho ya wakusanyaji wenzake na kipenzi chake: sarafu ya fedha ya majaribio, zile zinazogongwa chache kabla hawajaamua ipi itumike, yenye sura ya mfalme wao wa kale, Bolesław (ana taji na ndevu, anakutazama kama umechelewa kanisani). Ameitafuta miaka na miaka. Mfuko wa koti lake ulikuwa umetoboka, akaniomba nimhifadhie mkobani.

Basi mwimbaji, Tonton Bahati, akaanza kusifu watu kwa majina, na mnajua mambo yetu, ukitajwa unainuka, unacheza mpaka mbele, unambandika noti kwenye paji la uso. "Maman Neema wa Evere, mutoto ya Tanzania, tunakungojea, hein," akaimba, ukumbi mzima ukanigeukia, nafungua mkoba nakuta kadi ya benki tu na yule mfalme. Ningekaa tu, nani angeniuliza. Lakini mimi na sifa! Nikamtoa kwenye kifuko chake cha plastiki, nikaenda nikikata kiuno, nikambandika Tonton pajini, na kwa lile jasho mfalme akaganda palepale, vigelegele juu. (Nilijiambia nitamchukua baadaye kimyakimya.)

Mzee Tadek akainuka, uso umempauka. Akavaa glavu zake nyeupe (wenyewe hawashiki sarafu kwa vidole vitupu), akamfuata mwimbaji, watu wakamshangilia wakidhani naye anakwenda kutuza, mpaka walipomwona anabandua. Muziki ukanyamaza.

"Papa, non," Maman Furaha akasema, "kitu bamepatia mwimbaji habairudishake," yaani mwimbaji akishatuzwa hapokonywi.

Ikabidi nikiri mbele ya halaiki kwamba nimetuza kwa mali ya watu. Nilitamani ardhi inimeze. Tonton alicheka mpaka akakaa chini.

Alama ya jasho imebaki kwenye shavu la Bolesław, wala haifutwi, kwani kuifuta ndiko kuiharibu zaidi. Niliomba radhi mpaka nikalia. Mzee aliitazama weee, halafu akaniambia sarafu kama ile wapo wengine wanazo, ila yake ndiyo pekee iliyowahi kucheza. Sasa akipata wageni hunigongea mlango nikasimulie mwenyewe, nami, pamoja na aibu yangu, naenda. Ila kutuza nimeacha. Nikisikia mwimbaji anakaribia jina langu, nakimbilia msalani.