Neno Nililowafundisha Kina Mama wa Omena

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Jioni mbili kwa wiki nilifundisha ngumbaru, darasa la watu wazima. Wengi walikuwa kina mama wanaokausha omena, wale dagaa wa ziwani, na mmoja wao, mjane wa makamo, hakuacha neno lipite bila kuuliza.

Siku moja niliandika "demokrasia" ubaoni.

"Mwalimu, hiyo neno imetoka wapi?"

Nilimweleza kwamba ni la Wagiriki wa kale: "demos" ni watu, "kratos" ni nguvu, utawala. Akafikiri, akasema kwa Kijaluo, "Loch mar ji." Utawala wa watu. Darasa zima likaandika hivyo.

"Na wanawake wa huko walikuwa wanachagua?"

"Hapana. Wala watumwa."

"Sasa hao watu ni kina nani?"

Nilicheka. Nikamwambia kwetu kila mtu anahesabiwa.

Ukaja uchaguzi wa mlolongo, ule wa kupanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, nami nikawa karani wa kituo chetu. Mstari mmoja ulitoka uwanjani, ukapita vyoo vya shule, ukafika barabarani. Wa pili ungeenea kwenye mashua moja. Mjane alikuwa kwenye ule mrefu, amevaa nguo yake ya kanisani.

Nilipomaliza kuhesabu, msimamizi wa uchaguzi aliniita nyuma ya darasa. Hakunitisha. Aliuliza tu, "Wewe bado unataka kuwa mwalimu mkuu, ama?" Kisha akanipa fomu ya matokeo iliyokwisha kujazwa. Nikatia sahihi. Nikakubali hata kuisoma mwenyewe.

Nilisoma kwamba mstari mfupi umeshinda. Nilitarajia kelele, lakini watu waligeuka kuutazama mstari waliokuwa bado wamesimama ndani yake. Mjane akaja hadi mezani.

"Mwalimu, umesoma vibaya. Soma tena."

Alidhani nimekosea. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alinipa nafasi mbele ya watu wote, nami nikamjibu, "Mama, nenda nyumbani."

Hakurudi darasani. Wiki iliyofuata walikuja wawili, halafu hakuja mtu. Ualimu mkuu niliupata, katika shule moja upande wa Mamboleo, Kisumu.

Vyama vingi viliporudi, miaka ya tisini, nilikwenda kumwomba msamaha. Nilimkuta akigeuza omena juani. Alinisikiliza bila kuacha kazi, kisha akauliza, "Na hao wengine? Umewaambia?"

Nilikuwa nimemjia yeye peke yake, kimyakimya. Nikasema nitawaambia. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na samaki wake.

Kwenye banda la ufuoni watu walikuwa wamekaa wakingoja mashua. Wengine niliwakumbuka kutoka ile foleni. Niliwasalimia, wakaniitikia vizuri, "Mwalimu, karibu." Nikasema nina haraka, nikaenda kusimama barabarani kungoja gari la Kisumu.