Madame na Maji ya Pole

Harufu ninayoikumbuka ya matanga ya mama si ubani wala pilau. Ni harufu ya maji yaliyooza ndani ya pipa, kama soksi za timu nzima ya mpira zimesahauliwa kwenye ndoo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, tukikaa mtaa wa Buyenzi, na pipa lenyewe lilikuwa sebuleni, limekatwa nusu, ndani yake limesimama ua ambalo sisi watoto tuliliita Madame. Mama alikuwa akimshonea nguo bibi mmoja wa Kibelgiji. Bendera ilipobadilishwa, bibi yule akafunga mizigo yake, na ua lile lenye majani mapana yaliyochanikachanika halikuingia kwenye sanduku lolote. Mama akalileta nyumbani kwa mkokoteni. Majirani walicheka: mtu gani anaingiza pori ndani ya nyumba?

Mama hakujali. Kila Ijumaa asubuhi aliyafuta majani yake, jani moja moja, kwa kitambaa kibichi, kama anayemnawisha mtoto uso kabla ya madrasa. Pipa halikutobolewa, lisije likalowesha sakafu, kwa hiyo maji hayakumwagwa ovyo. Alitia kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu, Madame anapewa jagi lake. Kikitoka na tope, Madame anafunga. Shina likapanda, likajipenyeza kati ya nondo za dirisha, na mama akalifungia hapo kwa kipande cha kanga.

Alipokufa, viti vyote vilitolewa nje, mikeka ikatandikwa, wanawake wakaja kukaa. Madame hakutoka, angetokaje, shingo iko dirishani? Shangazi, dada yake baba, akaomba panga.

"Hii muti inakula nafasi ya wamama wane," alisema.

"Apana, shangazi," nikamwambia. "Huyu naye ni mufiwa. Mumupe mukeka."

Mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo kwa mtandio, na mwenzake akacheka kwa sababu huyo kacheka. Shangazi akaniangalia vibaya.

"We mutoto, mama yako iko kwa udongo leo, na we unachekesha watu?"

Machozi sikuwa nayo. Nilijitafuta ndani, nikakuta kama darasa wakati wa likizo: madawati yapo, watu hamna.

Panga lilirudi jikoni, lakini habari ikaenea kwamba ua lile lilikuwa la marehemu. Basi kila aliyekuja kutoa pole, kabla hajakaa, akamimina kidogo pipani: maji ya kunywa, maji ya kunawia, chai iliyobaki. Kwa upendo kabisa. Siku chache baadaye majani yakaanza kuwa manjano, yakainama.

"Munaona?" shangazi akasema, sauti imelainika. "Inamulilia. Muiache, arobaini ikipita itanyamaza."

Wanawake wakafuta macho, wakaongeza maji. Nilitia kidole. Kilizama chote, kama kwenye uji. Nikasema Madame halii, anazama. Nani amsikilize mchekeshaji? Mi niliona jambo moja tu: mama amekwenda, na kitu pekee sebuleni alichokuwa akikigusa kila wiki kinauawa kwa pole.

Baba ni fundi magari. Nilichukua nyundo na msumari mnene kwenye sanduku lake, kisomo kikiwa kinaendelea, nikapiga pipa kule chini. Paa! Vichwa vikageuka. Paa! Maji meusi yakaruka, yakapita kwenye mikeka, yakalowesha kanga za watu wazima pamoja na heshima zao. Shangazi alinivuta sikio mpaka uani, huku analia yeye. Mimi nilikuwa nasikiliza kama maji bado yanatoka.

Baadaye jani jipya likachomoza, limejikunja kama mkeka.

Sasa niko sekondari, na walimu wananitoa nje ya darasa kila mara kwa ajili ya mdomo wangu. Madame amefika darini, na majani yanayotoka dirishani huliwa na mbuzi wa jirani. Wakati ule nyumba ilijaa watu na maji. Leo tuko watatu, na sinia chini ya pipa. Ijumaa nafuta majani kabla ya shule. Shangazi, aliyehamia kwetu, naye hutia kidole kwenye udongo akidhani simwoni, kisha anakipangusa haraka kwenye kanga. Juzi nilimkuta hapo, jagi mkononi.

"Umeshamulilia mama yako?" akaniuliza bila kugeuka.

"Bado, shangazi."

Akatazama kidole chake. Kilikuwa na tope. Akarudisha jagi mezani.